Samani za mbao za jahazi na boriti kuukuu: dalili, chanzo na dawa yake

Malalamiko ni yale yale, Unguja na Pemba. Meza imepasuka katikati, gundi imeachia, vanishi inanata, kabati linatoa jasho masika yakiingia. Mwenye kitu humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza gundi, na mara nyingi wote wawili wanakosea. Ubao uliotoka kwenye jahazi umekunywa chumvi, sifa (mafuta ya papa) na deheni (shahamu iliyochanganywa na chokaa) kwa miaka. Boriti iliyotoka kwenye dari ya nyumba ya zamani imekula chokaa. Ndiyo maana kwa kila tatizo lililomo humu, cha kwanza ni kujua ubao ulikuwa wapi kabla haujaja uani kwako. Ukinunua Nungwi, au bandarini Malindi ya mjini Unguja au Wete, muulize muuzaji umetoka sehemu gani ya chombo. Ubao wa sitaha na ubao wa chini karibu na mkuku (uti wa mgongo wa chombo) havifanani hata kidogo, ingawa vimekaa rundo moja na bei ni moja.

Na kama rundo zima lina rangi iliyobanduka vizuri vizuri, buluu hapa, nyekundu pale, chungulia tundu za misumari. Ubao wa jahazi hasa una weusi wa kutu ndani ya tundu. Siku hizi mbao mpya hupakwa rangi, zikakunwa na kuuzwa kwa wageni kwa jina la jahazi.

Meza imepasuka, au ubao umepinda

Sababu inayoongoza ni ubao kuundwa kabla haujatulia. Watu hudhani ubao wa miaka 30 lazima uwe mkavu. Ukavu hautokani na umri, unatokana na mahali ulipolala. Hewa yetu ina unyevu wa asilimia 80 hivi, na ubao uliokaa kivulini katika hewa hiyo hubaki na maji ya kiasi cha asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu. Uingize kwenye chumba chenye kiyoyozi, unyevu ushuke hadi asilimia 50, na ubao ule ule utashuka mpaka asilimia 9. Meza ya upana wa sentimita 90 inaweza kupungua karibu sentimita nzima. Isipopata pa kupungulia, itapasuka tu.

Angalia hivi. Kata kipande, kiweke kwenye mizani ya jikoni, andika gramu kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Rudia wiki ijayo, na inayofuata. Namba ikiwa bado inashuka, subiri. Mita ya unyevu yenye sindano mbili usiiamini kwa mbao za chombo: inapima umeme unavyopita ndani ya ubao, na chumvi inaupitisha umeme vizuri mno, kwa hiyo itakwambia ubao mbichi hata ukiwa mkavu.

Ikiwa ubao ulikuwa mkavu na meza bado imepasuka, ipindue. Tazama skrubu zilizoshika juu ya meza na fremu. Zimebana pande zote mbili, tundu zimekazana na skrubu? Basi umeufunga ubao usitembee. Refusha kila tundu la fremu kuelekea upana wa meza, rudisha skrubu pamoja na washa yake (kipete bapa cha chuma), kaza kiasi cha kushika tu. Kazi hii ni ya asubuhi moja na huponya meza nyingi zilizokwisha kuhukumiwa.

Ubao uliopinda kama sahani mara nyingi umepakwa vanishi juu peke yake, chini ukaachwa uchi. Upande mmoja unapumua, mwengine hapana. Upindue, acha utulie siku kadhaa, kisha paka chini tabaka zile zile ulizopaka juu.

Ufa uliokwisha kutokea usiujaze putini ngumu. Ubao ukivimba masika, putini itasukuma kingo na ufa utaendelea mbele. Tia kipande cha mti mgumu chenye umbo la kipepeo kikatishe ufa, au uache kama ulivyo. Kwenye meza ya mbao za jahazi hakuna atakayekuuliza. Boriti za mikoko zina nyufa za urefu kwa maumbile yake, hizo si ugonjwa.

*Simama hapa:* usitoe boriti kwenye nyumba inayokaliwa, hata mwenye nyumba akikuruhusu. Boriti za Mji Mkongwe, za kiasi cha mita tatu, ndizo zilizobeba sakafu ya juu na ndizo zilizoamua upana wa vyumba. Kujua ipi inaweza kutoka ni kazi ya mhandisi. Mji Mkongwe pia ni urithi wa dunia tangu 2000, na kubadilisha jengo ndani yake, pamoja na kung'oa milango ya nakshi, kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Chukua boriti zilizokwisha kushushwa kwa njia inayojulikana.

Weupe juu ya ubao, au kabati linalotoa jasho

Weupe una asili tatu, na kuzitofautisha kunataka kitambaa na siki tu.

Ukungu ndio wa kawaida zaidi, hasa kabati likiwa limeegemea ukuta wa mawe na chokaa. Una manyoya, unanuka, ukifuta unachafua kitambaa kijani au kijivu. Sogeza kabati mbali na ukuta upana wa kiganja, lifute kwa siki, liache wazi lipate upepo. Ukungu ukirudi, ukuta ndio mgonjwa.

Chumvi haina harufu. Ukifuta kwa kitambaa kibichi hupotea mara moja, kisha kesho imerudi. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa maji ya hewani unyevu unapopita asilimia 75, na ya bahari huanza mapema zaidi kwa sababu ya magnesi iliyomo. Kwetu hiyo ni karibu kila usiku. Ndipo kabati linapotoa jasho, nguo zinakuwa mbichi na bawaba zinashika kutu.

Chokaa haiyeyuki kwa maji. Idondoshee siki: ikitoa povu dogo, ni chokaa, ama ya dari ama ya deheni iliyopakwa chombo chini. Kama ni ya dari, ikwangue tu. Kama ni deheni, soma sehemu ya gundi, kwani ndani ya deheni mna shahamu.

Kuitoa chumvi ni kazi ya kabla ya kuunda. Baada ya kuunda umeshachelewa, utaweza kupunguza tu kwa kufutafuta. Loweka mbao kwenye maji matamu, ya mvua yakipatikana. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na kuloweka ubao humo ni kuurudisha baharini. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Kujua kama umefika, chota maji ya mwisho kidogo kwenye sahani ya rangi nyeusi, na kando yake sahani nyengine ya maji ambayo hayajatumika, ziache zote zikauke juani. Zikibaki sawa, imetosha. Ile ya kwanza ikibaki na ukoko mweupe, endelea. Kisha kausha kivulini, mbao zikitenganishwa kwa vijiti, wala usizitandaze juu ya bati la moto, zitapasuka ncha.

Taruma nene (mbavu za chombo) usitegemee zitatoka chumvi yote. Zitumie kwa baraza la nje au miguu ya benchi, si kwa kabati la nguo.

Gundi imeachia

Kabla ya kulaumu chupa, tazama uso ulioachia. Gundi yote imebaki upande mmoja, na mwengine ni msafi kama haukupakwa kitu? Basi upande ule msafi ulikuwa na mafuta. Gundi imegawika pande zote na inang'aa? Haikubanwa, au ilikauka kabla hujaunganisha. Ni nyembamba na ya unga? Ubao ulikuwa mbichi, au gundi ilitiwa maji ili iongezeke.

Mafuta ndiyo mhalifu mkuu wa mbao za chombo. Sifa hupakwa mbao zisipasuke na jua. Deheni ya shahamu na chokaa hupakwa chini. Kalafati nayo, pamba iliyolowa mafuta, imejaa kila ungio. Fanya jaribio la tone: dondosha maji juu ya ubao. Likisambaa na kuzama, gundi itashika. Likisimama duara kama juu ya jani la mgomba, haishiki. Randa ubao, jaribu tena. Kwenye mbao za sitaha, milimita mbili tatu kwa kawaida hutosha. Karibu na maungio ya kalafati mafuta yameingia ndani sana. Hapo kata sentimita kadhaa za ukingo utupe, usibahatishe.

Mtiki una mafuta yake wenyewe hata kama haujawahi kuona bahari. Randa, futa kwa spiriti au asetoni mpaka kitambaa kitoke safi, kisha tia gundi saa hiyo hiyo. Ukilala, mafuta yamepanda tena.

Dawa ya ndani zaidi ni kutoitegemea gundi peke yake. Kiungio cha ulimi na tundu, kikapigwa kigingi cha mti mgumu kikikatisha ulimi, kitashika hata gundi ikifa. Maseremala wetu wa zamani walifanya hivyo, na vitanda vyao bado vinalaliwa. Epoksi inafaa mahali penye mwanya, lakini juu ya mafuta nayo huachia kama nyengine.

Harufu ya papa ikibaki baada ya kuranda, haitoki kwa dawa ninayoijua. Ubao huo uwe wa nje.

Vanishi inanata, au imekauka huku ikibanduka

Muulize kwanza aliyepaka kama chini palitiwa mafuta ya nazi. Ni desturi ya majumbani na inaupendeza ubao kwa siku chache, lakini mafuta ya nazi hayakauki milele. Vanishi juu yake itaelea. Mafuta ya ufuta ni ya katikati: yanaganda nusu na kubaki yananata vumbi. Yanayokauka hasa ni ya kitani, na hata hayo hupakwa kidogo na kufutwa.

Halafu ni wakati wa kupaka. Ukipaka baada ya alasiri, umande unakukuta. Paka saa tatu au saa nne asubuhi, siku isiyo na mawingu mazito, tabaka jembamba. Tabaka moja nene hukauka ngozi ya juu na kubaki bichi ndani.

Ikiwa yote hayo yalikuwa sawa, tazama mti. Mvule na mtiki vina viasili vinavyoichelewesha vanishi ya mafuta kukauka. Kwangua yote, futa kwa asetoni, paka tabaka la shelaki (vanishi nyepesi inayoyeyushwa kwa spiriti) kama kizuizi, likikauka ndipo vanishi juu yake. Shelaki hii hii huzuia pia madoa ya mafuta mepesi yaliyobaki.

*Tahadhari ya moto:* kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kujipasha moto na kuwaka chenyewe. Kianike kimoja kimoja nje juu ya kamba, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji. Karakana nyingi za nyumbani ziko chini ya makuti.

Weusi kuzunguka misumari

Chuma kikikutana na maji na tanini ya mti hutoa weusi, nao uko karibu kila ubao wa mvule au mtiki uliotoka chomboni. Wengi wanautaka, ndio urembo wenyewe. Ukiwa hautaki, kwanza toa chuma chote. Ukisafisha na kipande kikabaki ndani, weusi utarudi masika ya kwanza.

Doa jepesi jaribu ndimu na jua. Doa zito linataka asidi ya oksaliki, gramu 50 kwa lita ya maji ya moto, kwenye chombo cha plastiki. Paka, acha, suuza mara kadhaa kwa maji matamu. Hiyo ni sumu: glavu, miwani, watoto mbali, wala usipige msasa kabla hujasuuza, vumbi lake linaunguza pua. Misumari mipya iwe ya shaba au chuma kisichoshika kutu, la sivyo umejiundia madoa ya mwakani.

Msumeno unakwama, randa inapata meno

Ni msumari. Hata ukiapa umeitoa yote, ni msumari. Chukua spika iliyokufa ya redio, toa sumaku yake, ifunge kamba, iburure polepole juu ya ubao pande zote mbili. Utaihisi inavuta. Msumari wa jahazi mara nyingi ncha yake imekunjwa kwa ndani, kwa hiyo usiung'oe kwa nguvu kutoka kichwani, utachana ubao. Kata ile ncha iliyokunjwa kwa tindo, kisha urudishe nyuma kwa panchi na nyundo.

Sumaku ikiwa kimya, tafuta rangi ya kijani: hiyo ni shaba, na sumaku haiioni. Mchanga nao uko kwenye nyufa. Piga brashi ya waya kabla ya randa. Na kama ni mvule, huenda umekutana na jiwe la mti wenyewe, chokaa ngumu inayoganda ndani ya mvule ungali hai. Linavunja jino la msumeno kama chuma. Lizunguke kwa patasi.

Mashine ikinguruma bila nguvu na kupata joto wakati msumeno ni mkali, tazama waya wa eksitensheni: ukiwa mrefu na mwembamba, umeme unafika umechoka. *Simama* ukisikia harufu ya kuungua, ukiona soketi imeyeyuka, au ukipigwa shoti hata ndogo. Hapo ni fundi umeme, si kufunga selotepu. Na ubao wenye misumari usiupitishe kabisa kwenye msumeno wa meza wa kujitengenezea usio na kinga. Unarudishwa kwa kasi tumboni.

Tundu ndogo na unga chini ya kiti

Fagia unga wote, tandika karatasi nyeupe chini, zungushia tundu alama za penseli. Baada ya wiki mbili, unga mpya juu ya karatasi maana yake bungua, mdudu anayetoboa mbao, yu hai. Hakuna unga: tundu ni za zamani, endelea na maisha yako.

Tundu kubwa, upana wa penseli, zenye utando mweupe wa chokaa ndani, ni za minyoo ya baharini. Hao hawaishi nje ya maji ya bahari, wamekufa kitambo. Pima tu kama ubao una nguvu iliyobaki: uchome bisibisi.

Bungua hupenda sehemu nyeupe ya nje ya mti, na mwembe anaupenda wote. Ubao usio na rangi upake maji ya boraksi mara mbili tatu, ukauke, kisha vanishi. Mafuta ya taa huua wanaoguswa tu, huharibu gundi ya baadaye, na huongeza hatari ya moto. Mbao nyembamba zinaweza kuokolewa kwa joto. Kipimo cha kimataifa cha mbao za kufungia mizigo ni joto la nyuzi 56 za Selsiasi mpaka katikati ya ubao kwa dakika 30. Plastiki nyeusi juani haitafika huko ndani ya taruma nene.

Njia za udongo kwenye mguu wa kabati ni mchwa, na mchwa hawakuja na kabati, wamepanda kutoka sakafuni. *Ita wataalamu wa kupiga dawa.* Kutibu kabati na kuiacha nyumba ni kupoteza pesa.

Macho, ngozi au kifua vinakusumbua

Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Vumbi la mbao kwa jumla limo kwenye orodha ya vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa nzuri ya vumbi (leso haitoshi), fanyia kazi nje upepo ukiwa mgongoni, na lowesha kabla ya kukwangua.

Kama ubao una rangi ya zamani, huenda vumbi si la mbao peke yake. Rangi nyekundu ya tabaka la kwanza kwenye vyombo vya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na rangi ya chini ya chombo inayozuia viumbe vya bahari kuganda ina shaba, ya zamani pengine na sumu ya bati iliyopigwa marufuku duniani mwaka 2008. Hizi hazipigwi msasa mkavu wala grenda, wala hazichomwi moto. Usizichome hata kwa kupikia. Palleti nazo tazama mhuri: HT ni iliyopashwa joto, MB ni iliyofukizwa gesi ya sumu, ya pili iache.

*Acha kazi, nenda hospitali* ukipumua kwa mluzi, macho yakivimba, au ukiumwa kichwa na tumbo baada ya siku za kukwangua rangi. Mwambie daktari ulikuwa unakwangua nini. Watoto na mja mzito wasikae karibu na uwa wa kazi hiyo.

Kiti kinayumba

Kihamishie mahali pengine. Sakafu nyingi za nyumba zetu hazijanyooka, na kiti hakina kosa. Kikiyumba kila mahali, tia karatasi chini ya mguu mmoja mmoja mpaka kitulie, hapo utajua mguu mfupi. Punguza mitatu mengine kidogo kidogo, usikate kwa pupa. Kikiyumba kwa mwendo wa ubavuni, kiungio kimelegea: kifungue, kwangua gundi ya zamani yote, unganisha upya na kigingi. Mguu wenye ufa wa kukatisha nyuzi za mti haugundishwi. Badilisha mguu mzima, na mpaka ubadilishwe, kiti kikae juu ya kabati mtu asikikalie.